Gari la Mjomba Linafuata Kivuli

Narung'ombe,
9 Januari 2025

Kaka Isihaka,

Shikamoo. Huku tupo. Mama anakohoa kidogo lakini shamba anakwenda kama kawaida.

Usishangae kupata barua wakati watu wote siku hizi wanapiga simu. Simu ya Mama unaijua, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na mimi nikiongea nyumba nzima inanisikiliza na kunisahihisha. Kwenye karatasi naweza kufika mwisho wa sentensi. Kasmiri, konda wa ile Hiace inayopita hapa kwenda Nachingwea, amekubali kuzibeba barua zetu. Ananitania kwamba nina mchumba gereji. Nimemwambia ni kaka yangu, akasema wote husema hivyo.

Nakuandikia kwa sababu ya dada Amna. Amekuja nyumbani kujifungua. Imrani mume wake yuko machimboni Namungo, anakuja siku mojamoja. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alivyoondoka, tulingoja gari mpaka kungoja kukawa hakuna maana. Safari hii nesi wa zahanati amesema presha ya Amna inapanda, asisubiri uchungu huku kijijini. Akae Ruangwa mjini, karibu na hospitali, mpaka siku yake ifike. Mama alikubali, hata chumba tulishapata kwa mtu. Kisha Mjomba Adinani akafika kutoka Dar na gari.

Mjomba akasema mpwa wake hawezi kulala nyumba ya watu huku gari lake limekaa uani. Na Mjomba akishasema, nani ataongeza neno? Mama alizitoa nguo za Amna kwenye begi akazirudisha sandukuni.

Hofu yangu ni hilo gari. Ni zuri, jekundu, limelala chini, na sauti yake ni kama nyuki wengi ndani ya pipa. Lakini linakula oili. Kila Mjomba akienda Namungo na kurudi, lazima aongeze. Na limeshakataa kuwaka. Analipiga stata, linazunguka tu bila kushika, halafu kesho yake linawaka kama vile halikufanya kosa lolote. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba injini yake haina pistoni. Nilidhani anatania. Je, kaka, ipo injini isiyo na pistoni? Na kama ipo, mtu kama Amna anaweza kuitegemea?

Mdogo wako,
Hafidha


Nachingwea,
13 Januari 2025

Mdogo wangu Hafidha,

Marahaba. Kasmiri alinikabidhi barua yako mbele ya mafundi wote akasema, "Shemeji anakusalimu." Sasa hapa gereji naitwa bwana harusi. Asante sana.

Nilimsomea fundi Abel, bosi wangu, pale uliposema injini isiyo na pistoni. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Ni kama kusema ugali usio na unga. Sikiliza: ndani ya injini kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka kama mchi kwenye kinu. Mafuta yanaungua juu yake, yanaisukuma chini, na kule kushuka ndiko kunakozungusha shafti mpaka magurudumu yakatembea. Hakuna pistoni, hakuna safari.

Gari likila oili, maana yake ringi za pistoni, zile pete zinazozuia oili isipande, zimekufa. Kumimina oili kila siku ni kumpaka mgonjwa poda. Nimempigia Mjomba nikamwambia ukweli: hilo ni skrepa, aliuze kwa kilo, au alilete huku tulipandikize injini ya kawaida. Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

Amna mwambieni asiwe na wasiwasi. Bado kuna siku.

Kaka yako,
Isihaka


Narung'ombe,
17 Januari 2025

Kaka Isihaka,

Shikamoo. Haikuwa mtandao.

Mjomba alikataa kula siku ile. Alikaa kwenye mkeka akasema, "Mtoto niliyemshika mimi mkono kumpeleka jandoni, leo gari langu analiita skrepa." Mama aliomba radhi kwa niaba yako mpaka nikaona aibu. Mjomba amesema asiione namba yako kwenye simu yake.

Baadaye aliniita nimshikie tochi wakati anaongeza oili. Akachora pembetatu mchangani kwa kijiti. "Hiki ndicho kinachozunguka humo ndani," akasema. "Hakipandi wala hakishuki. Kinazunguka tu." Nilitaka kuuliza kinazungukaje bila kona zake kukwama. Swali nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikaitikia kwa kichwa, akadhani nimeelewa, akafunga boneti. Kwa hiyo nakuuliza wewe, ingawa nawe ulicheka.

Leo Ijumaa limekataa tena. Mjomba alikuwa amevaa kanzu aende kuswali mjini. Alipiga stata mpaka jasho likalowesha mgongo, akateremka, akaenda msikiti wa hapa kwa miguu bila kumtazama mtu. Amna alikuwa kibarazani anachagua mchele. Niliona mkono wake umeacha mchele umeshika tumbo, na miguu yake sasa imevimba, viatu havimwingii.

Kaka, mimi siwezi kusema "tumpeleke mjini." Nikisema hivyo ni kama nimesema neno la Mjomba si kitu, na kwamba niko upande wako. Tafadhali usicheke tena. Muulize mtu anayejua.

Hafidha


Nachingwea,
24 Januari 2025

Hafidha mdogo wangu,

Nimekosa, na fundi Abel amekosa, ila yeye hawezi kuandika hivyo kwa hiyo naandika kwa wawili.

Nyuma ya gereji kuna kichuma kizito ambacho tumekifanya kiti cha kulia chakula. Kililetwa na mtu wa Masasi zamani, hakurudi kukichukua. Jumapili, baada ya kusoma barua yako, nilikigeuza, nikaona hakina mahali pa pistoni. Nikakifungua. Mjomba hatanii.

Chukua ganda la karanga lenye mbegu mbili, lile lililobanwa kidogo kiunoni. Lipasue kwa urefu utazame ndani. Umbo lile ndilo nyumba ya injini. Sasa weka ndani yake sambusa ya chuma iliyotuna pande zote tatu. Ndiyo ile pembetatu ya Mjomba. Wanaiita rota. Umeuliza kwa nini kona hazikwami. Hazikwami kwa sababu rota haizunguki palepale kama feni. Katikati imevaa shafti yenye duara lililokaa upande, kwa hiyo inazunguka huku inayumba, kama mtu anayecheza ngoma huku anatembea. Ule myumbo umepimwa ulingane na ganda, na kona zote tatu zinagusa ukuta wakati wote.

Kwa hiyo kati ya rota na ukuta kuna vyumba vitatu, na kila chumba kinahama, kinapanuka na kusinyaa. Kikipanuka kinanyonya hewa na mafuta kupitia tundu la ukutani. Kikisinyaa kinaubana ule mchanganyiko. Plagi zinatoa cheche, moto unaisukuma rota mbele. Kisha chumba kinafika kwenye tundu la eksozi, moshi unatoka, kinaanza upya. Vyumba vyote vitatu vinafanya kazi kwa pamoja, kila kimoja kikiwa kwenye hatua yake. Hakuna valvu, hakuna kupanda na kushuka. Ndiyo maana linalia kama nyuki. Fundi Abel anasema Mjerumani mmoja, Wankel, ndiye aliyeihangaikia. Amesoma kwenye simu na sasa anasema alijua tangu mwanzo.

Sasa kuhusu oili. Kila kona ya rota ina kibanzi chembamba cha chuma kinachoziba chumba kisivuje. Kibanzi kinasugua ukuta bila kupumzika, kwa hiyo injini yenyewe inanyunyiza oili humo ndani, na oili hiyo inaungua na mafuta. Kula oili ni tabia yake, si ugonjwa. Mjomba akiacha kuongeza, ndipo ataiua. Hii ya kwetu ilikufa hivyo, kuta zake zimekwaruzika kama zimepigwa msasa.

Kuwaka je? Ikiwashwa ikiwa baridi inamiminiwa mafuta mengi. Ukiizima kabla haijapata moto, mafuta yanabaki ndani, yanaosha ile oili kwenye vibanzi, vyumba vinavuja, plagi zinalowa. Ukija kuwasha tena, hakuna kitu. Ikikaa muda mrefu yakikauka, inawaka. Si ndivyo ulivyoandika?

Lakini kuna jambo silielewi. Mjomba anakwenda Namungo na kurudi, hiyo ni safari ya kutosha kabisa. Nani anaiwasha na kuizima ikiwa baridi?

Isihaka


Narung'ombe,
28 Januari 2025

Kaka Isihaka,

Ni mimi.

Ule mkorosho wa uani matawi yake yako chini mno, gari haliingii chini yake, linakaa pembeni kwenye kivuli. Na kivuli kinahama. Mjomba alipofika tu Mama alisema, "Gari la kaka yangu likipigwa jua kwenye uwanja wangu, watu watasema tumempokea au tumemfukuza?" Mjomba alinifundisha kusogeza, kidogo mbele, kidogo nyuma. Asubuhi naliweka upande wa choo, jua likipanda nalirudisha upande wa jiko, alasiri nalisogeza tena. Nawasha, nasogeza hatua chache, nazima. Nilikuwa najivunia. Kwenye barua zangu sikukutajia kwa sababu sikuona kama ni kuendesha gari. Niliona ni kama kuhamisha mkeka.

Ile Ijumaa ya kanzu, nililisogeza mimi kabla Mjomba hajatoka kuoga.

Tangu nisome barua yako nimejaribu kumwambia Mama. Nilisema, "Leo tuliache hapohapo." Akanitazama kama nimesema tumnyime mgeni maji ya kunywa. Nilitaka kumweleza ganda la karanga na sambusa, lakini mama Mwanne jirani alikuwepo, akasema, "Hafidha leo anaongea," wakacheka, nikanyamaza. Sasa nikilisogeza naliacha linanguruma mpaka lipate moto, halafu ndipo nazima. Mama ananung'unika kwamba nachoma mafuta ya watu. Mjomba ananitazama tu. Nadhani anafikiri nimependa kukaa ndani ya gari.

Nimejiandalia maneno. "Mjomba, samahani, naomba kukwambia jambo kuhusu gari." Kisimani nayasema vizuri. Nikifika mbele yake yanakuwa "Mjomba, samahani," naye anasema, "Umekosa nini tena?"

Kaka, nakuomba umpigie wewe. Nesi amempima Amna tena, hakufurahi. Amesema siku yoyote sasa.

Hafidha


Nachingwea,
1 Februari 2025

Hafidha,

Nimepiga. Nimepiga na kwa simu ya fundi Abel pia. Akisikia sauti yangu anakata. Nimemwomba Mama, anasema nisimsumbue kwa mambo ya mashine wakati ana mgonjwa ndani, na gari mbona linawaka.

Imebaki wewe. Sikulaumu kwa kusogeza, ulitumwa. Lakini kumwambia nusu, kwa kulichemsha kimyakimya, hakutoshi. Siku Mjomba akilisogeza mwenyewe itakuwaje?

Likigoma, fanya hivi. Pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka sakafuni na ibaki hapohapo, isipigwepigwe. Ikiwa chini kabisa hivyo wakati wa stata, gari linakata mafuta, linavuta hewa tupu, na ndani kunakauka. Ukipigapiga pedeli unazidi kulizamisha. Betri ikichoka, lisukumwe, mguu uwe palepale. Likishika litatoa moshi mweupe mwingi. Msiogope, na msilizime.

Mwambie leo. Usingoje awe peke yake.

Isihaka


Nachingwea,
11 Februari 2025

Hafidha,

Kasmiri amerudi mikono mitupu safari zote za wiki hii. Simu ya Mama haipatikani. Ya Imrani inaita, haipokelewi. Leo Kasmiri anasema alipita kwenu, mlango umefungwa, uani hakuna gari, kuku tu.

Andika hata mstari mmoja. Kama ni habari mbaya pia andika.

Isihaka


Narung'ombe,
13 Februari 2025

Kaka Isihaka,

Shikamoo. Amna yupo. Mtoto yupo pia, lakini nitakueleza. Nimerudi leo kulisha kuku na kuchukua nguo.

Sikumwambia Mjomba. Barua yako niliisoma, nikasema nitamwambia baada ya chakula, kisha kesho, kisha nikaona gari linawaka kila siku, nikajidanganya kwamba nimeshalitibu.

Jumamosi timu ya Namungo walikuwa wanacheza mpira Ruangwa. Kijiji kilihama. Bodaboda zote zilikwenda, hata Protasi, anayeegesha pale kwetu njia panda. Mjomba alibaki. Anaupenda mpira kuliko chakula lakini alisema amelichukua jukumu la Amna, atasikiliza redioni. Mimi nilikuwa kisimani. Jua likafika kwenye gari, na kwa kuwa sikuwepo, Mjomba akalisogeza mwenyewe. Akazima, akakaa ndani kusikiliza mpira.

Nilirudi na ndoo nikasikia Amna anaita kutoka chumbani. Maji yalikuwa yameshamwagika, na macho yake yalikuwa hayatulii. Alisema kichwa kinampasuka na anaona nukta zinang'aa. Mama na mama Mwanne walimbeba mpaka kiti cha nyuma. Mjomba akapiga stata. Likazunguka, halikushika. Akapiga tena, anapigapiga pedeli kama anaua nge. Nilisikia harufu ya petroli pale niliposimama. Stata ikaanza kuchoka.

Nikasema, "Mjomba, usipigepige."

Hakusikia. Nikasema tena. Akasema, "Toka hapo mtoto, unanichanganya."

"Limelewa mafuta. Kanyaga mpaka chini na usiachie."

"Unataka nilizamishe zaidi? Nani amekufundisha, yule wa skrepa?"

Amna akatoa sauti, kaka, ambayo sijui kuiandika. Nikafungua mlango wa dereva nikashika goti la Mjomba kwa mikono miwili nikaligandamiza mpaka pedeli ikagonga sakafu. Nikamwambia, "Nyamaza ukanyage." Nilimwambia hivyo Mjomba. Mama aliziba mdomo kwa khanga.

Yeye akanyamaza. Akakanyaga. Stata ikazunguka polepole, ikazidi kupungua, ikafa. Nikawaambia wote wasukume. Mama, mama Mwanne, na Josephina, yule mwalimu wa chekechea aliyekuwa anapita na mwavuli. Nikamwambia Mjomba weka gia ya pili, shika klachi, mguu wa kulia usitoke. Uwanja wetu unashuka kuelekea barabarani, Mungu ambariki aliyejenga hapo. Tulisukuma mpaka Josephina akapoteza kiatu. Nikapiga kelele, "Achia klachi." Likakohoa, likafa. Tukasukuma tena. Nikapiga kelele tena. Likakohoa mara nyingi mfululizo, halafu wale nyuki wakaamka, na moshi mweupe ukatufunika hatukuonana. Mama alidhani linaungua. Alikuwa anavuta mlango amtoe Amna. Nilimshika mkono nikamwambia apande, asizuie.

Hospitali walimpokea papo hapo. Presha ilikuwa juu sana, alishapata degedege mlangoni. Walimpasua. Mtoto ni wa kike, mdogo, wamemweka chumba cha joto.

Daktari alimwambia Mjomba kwamba wangechelewa kidogo angekuwa anazungumza naye maneno mengine. Mjomba alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Sijui kama ni hasira. Leo asubuhi alinipa ufunguo wa gari, akageukia ukutani.

Kaka, ningesema siku ile uliponiambia, tusingesukuma. Degedege lilimkuta mlangoni, na sisi uani tulikaa tukisukuma. Hilo nalihesabu kila nikilala. Usinijibu kwamba si kosa langu.

Hafidha


Ruangwa, wodini,
15 Februari 2025

Mdogo wangu Hafidha,

Naandika nimelala, utanisamehe mwandiko. Kasmiri ameahidi kukufikishia kabla hujaondoka hapo nyumbani.

Wananieleza mambo ya siku ile nami sikumbuki karibu yote. Nakumbuka jua kwenye kioo, na nakumbuka sauti ya mwanamke anamfokea Mjomba. Nilimuuliza Mama ni nani yule, nikidhani ni nesi amekuja na sisi. Mama amenitajia jina lako. Nilimwambia aache utani, kidonda kinauma nikicheka. Akaapa.

Mjomba amekuja kuniona. Alikaa anatazama feni. Akasema, "Nilimpuuza nesi, nikakuzuia wewe kukaa mjini, kwa ajili ya gari." Amesema ataongea na Isihaka. Wewe hajakutaja, ila kila mtu akiingia yeye anamuuliza kama umeshafika.

Sasa nina shida, na siwezi kumwambia mwingine. Mtoto bado yuko chumba cha joto. Wananiletea chombo nikamue maziwa, wanaondoka nacho, wanasema anaendelea. Jana nesi wa zamu alisema anaendelea. Leo mwingine kasema anaendelea, lakini hakunitazama, na alikuja daktari mwingine ambaye sikuwahi kumwona. Mama anaitikia kila kitu, "Ndiyo, asante, asante." Imrani akiingia analia, anatoka. Mimi nikifungua mdomo kuuliza, nasema "Samahani, nesi," kisha namalizia kwa "asante" kama Mama. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sijui mtoto wangu ana uzito gani. Sijui kama anapumua mwenyewe. Sijui kama naruhusiwa kumshika.

Njoo asubuhi na mapema kabla madaktari hawajapita. Usikae nje na wageni wengine. Ingia, simama hapa kitandani kwangu, wakija uwaulize.

Dada yako,
Amna